Sabuni Niliyomnunulia Binti Yangu

Mimi ni mweusi. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu niliipitisha nikilikwepa, kama mtu anavyokwepa dimbwi la tope njiani asichafue viatu. Baba yangu naye alikuwa mweusi, mpasua mbao msituni Magamba, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno maana mabega yake yalitosha kujibu. Mimi nilipelekwa shule. Huko sekondari, bwenini, wenzangu waliniambia nicheke kidogo taa zikizimwa ili wajue nimelala kitanda gani. Nilicheka. Ukishacheka mara ya kwanza, watu wanadhani ni mchezo wenu wote, nawe unabaki unacheka tu.

Nilimaliza kidato cha nne bila matokeo ya kujivunia, nikafanya kazi za ukarani hapa na pale, kisha nikarudi kulima mboga katika bonde alilotuachia baba, njia ya kwenda Mlola. Nikaoa. Tukapata watoto watatu. Wawili wa kwanza, wa kiume, walichukua rangi ya mama yao, maji ya kunde. Wa tatu, msichana, alinichukua mimi mzimamzima. Mama yangu ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa. Alimgeuza huku na huku, akasema, "Huyu hakupotea njia," akaanza kumpaka mafuta ya mbono kuanzia utosini.

Mbono ndilo jina letu la Kishambaa la mnyonyo. Ulikuwa ukiota wenyewe jaani na pembezoni mwa mashamba, na hakuna aliyeupalilia. Mama alikuwa akichuma mbegu zake, anazikaanga mpaka zinabadilika rangi, anazitwanga kinuni, anazichemsha kwa maji mengi, halafu anakaa na upawa akiengua mafuta yanayoelea juu. Anayarudisha tena motoni mpaka maji yaliyobaki yaishe. Ni kazi ya siku nzima, na mwishoni unapata chupa moja ya mafuta mazito yanayonuka moshi. Tuliyapaka mwilini, kichwani, kwenye magaga, tukayanywa tulipofunga choo. Ile miaka ya uhaba, sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni kwenye duka la ushirika na pengine unafika dirishani imekwisha, mafuta hayo ndiyo yaliyotutoa ukavu. Kijiji kizima kilinuka namna moja, kwa hiyo hakuna aliyenuka.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sisi wa mboga tulikuwa wa kwanza kuionja, maana malori yalianza kupanda kutoka Mombo kufuata karoti na kabichi, na aliyekuwa na bonde lenye maji alionekana mtu. Nikataka kila hatua ya shamba izae. Niling'oa mbono zote zilizokuwa pembezoni, kwa sababu zilitia kivuli kwenye matuta ya karoti. Mama alisimama akinitazama na kikapu chake mkononi.

"Unang'oa duka langu," alisema.

"Mama, maduka siku hizi yapo."

"Yapo. Ya watu."

Nikang'oa shina jingine. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla mvua haijanyesha.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa darasa la tano. Wale wavulana walijua kunyamaza na kuendelea, lakini msichana sikumjua nimfanyeje. Mama yangu alimlisha na kumsuka, mimi nikabaki na kazi ya kununua. Ndiyo kazi pekee niliyoona naiweza. Nilikuwa nikishuka na mzigo wa mboga mpaka Tanga, na kila nikipanda kurudi niliangalia nimbebee nini: kitambaa, viatu vya plastiki, biskuti.

Siku moja alirudi kutoka shule akakaa kwenye kizingiti bila kuvua sare. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo ilikuwa inaishia Lushoto mjini, kwetu ni vumbi na matope. Wasichana wenzake walikuwa wakimwona anatokea kona ya shule wanaanza, "Jamani, lami imefika! Serikali imetukumbuka!" Alinisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Halafu akauliza, "Baba, wewe walikuwa wanakuitaje?"

Nilipaswa kumjibu. Ningemwambia habari za bweni na taa, pengine tungecheka wawili, kicheko kingine tofauti na kile. Badala yake nilimwambia aingie ndani akale.

Safari iliyofuata nilimletea sabuni. Ilikuwa kwenye boksi lenye picha ya mwanamke mweupe wa kutengenezwa, nywele zimemlalia begani. Mwenye duka alinieleza kwamba inang'arisha. "Wewe mwenyewe mzee jaribu shingoni, utaona." Na kweli nilijaribu. Nilijaribu kabla sijampa mtoto, kwenye bomba la stendi, shingo na masikio, na nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo cha kunyolea nikajiona nimetakata. Huenda yalikuwa ni macho tu.

Binti yangu aliogea sabuni ile nyuma ya nyumba, akaja sebuleni ananukia mpaka mama yangu akapiga chafya. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu msiba. Hilo ndilo linalonichosha zaidi nikikumbuka. Ningekuwa nimemlazimisha, ningejua pa kuanzia kujilaumu. Lakini alifurahi, akanishukuru, akapiga goti, na mimi nikaona nimefaulu kuwa baba na mama. Ilipoisha nilinunua nyingine. Sikuwahi kumwambia kwa mdomo wangu kwamba rangi yake ina kasoro. Nilimwambia kwa sabuni, kila mwezi, kwa miaka.

Alipomaliza la saba hakuchaguliwa, nikampeleka Tanga kwa jamaa za mama yake akajifunze cherehani. Huko hakunihitaji tena kwenye manunuzi. Alijifunza mwenyewe kuchanganya krimu hii na ile, mkorogo wenyewe, akaweka na dawa ya nywele mpaka zikanyooka na kuning'inia kama za kwenye boksi. Alipokuja kwa Idi uso ulikuwa wa rangi ya chungwa linaloanza kuiva. Vidole tu, kwenye viungo, vilikataa. Vilibaki vyeusi kana kwamba amevaa glavu za mtu mwingine.

Nilitembea naye sokoni Lushoto bila sababu yoyote ya kwenda sokoni. Wauza viazi walinipigia kelele.

"Mzee, shikamoo! Huyo mgeni umemtoa wapi?"

"Marahaba. Huyu si mgeni, ni binti yangu."

"Wako wa kumzaa? Basi wewe ulisahauliwa kwenye jiko."

Nikacheka, na safari hii nilicheka kwa kujivuna. Binti alitembea upande wa kivuli, kitenge amekishusha mpaka machoni, maana jua la milimani, hata kukiwa na baridi, lilikuwa linamchoma kama pasi. Nililiona hilo. Nikafikiri ni madoido ya wasichana wa mjini.

Akaja kuposwa. Kijana alikuwa fundi wa magari, kwao Korogwe, mtu wa maneno machache. Mwenye maneno alikuwa shangazi yake, aliyekuja kwetu na wazee wa posa na kusema mbele ya watu wote kwamba nyumba yao imepata taa. Tulikubaliana kila kitu. Kwa desturi yetu mwali huwekwa ndani kabla ya ndoa. Hatoki juani, hashiki jembe, bibi yake anamkanda na kumpaka mafuta mpaka ngozi inalainika, na siku ya harusi watu wakimwona wanajua alitunzwa. Siku hizi mambo hayo yamefupishwa, na hata wakati ule nyumba nyingi zilikuwa zinatumia muda huo kumpaka mwali mkorogo, kwa sababu ndani hakuna jua la kumharibia.

Binti yangu alikuja kutoka Tanga kuwekwa ndani. Alimwamkia bibi yake, akaniamkia mimi, akakaa, akafungua kilemba. Alikuwa amenyoa. Kichwani kulikuwa na madonda mawili matatu yanayokauka, mahali dawa ilipomuunguza.

Mama yangu alisogeza kigoda karibu, akamshika kichwa kama anayechagua boga. "Nani kakuchuna hivi?"

"Mwenyewe, bibi. Nywele zilizobaki kamalizia kinyozi."

"Na harusi?" niliuliza mimi. Ndilo swali la kwanza lililonitoka.

"Harusi ipo baba. Nimeacha tu vile vitu." Alisema amechoka. "Nimechoka kuogopa jua. Natoka nyumbani naangalia kivuli kiko upande gani. Naamka naangalia rangi imerudi wapi. Nataka nikae hapa nipakwe mafuta ya bibi mpaka siku yenyewe, nionekane nilivyo. Akinikataa anikatae mapema."

"Mwenzako amekuposa unajua kwa nini," nikasema.

"Ndiyo maana nataka kujua kama kuna sababu nyingine."

Alinipa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na vipande vya sabuni, chupa na kopo la krimu ambalo lilikuwa halijafika nusu. "Katupe chooni, baba. Wewe mwenyewe, usimwachie bibi, atavitumia kusugulia sufuria."

"Nitakusugua navyo wewe," mama akasema.

Nilikwenda mpaka chooni. Sabuni niliitupa, chupa niliitupa. Kopo nilisimama nalo. Aliyezaliwa baada yetu hatanielewa, lakini sisi tuliowahi kupanga foleni ya sabuni, kutupa kitu cha dukani ambacho hakijaisha tulikuwa hatukuwezi. Mkono wenyewe unakataa. Hata makopo matupu tulikuwa tukiyaosha na kuyafanya vikombe. Nikajiambia litafaa kwa jambo fulani, nikalichomeka juu ya ukuta wa ghala, nyuma ya magunia ya karoti.

Mafuta ya bibi nayo hayakuwepo. Mbono nilikwishang'oa. Majirani nao walikuwa wameng'oa, kwa kunifuata mimi niliyesoma. Nikaenda mnadani Mlola kuulizia mbegu, nikazunguka kwa kina mama wauza maharage na magimbi, na kila niliyemuuliza alinitazama tumboni.

"Mbono? Nani kavimbiwa kwako, mzee?"

"Hakuna. Ni za mafuta ya mwali."

"Mwali siku hizi anapakwa mbono? Si atamkimbiza bwana harusi kwa harufu?"

Walicheka, nami nikasogea mbele. Nilizipata kwa bikizee mmoja anayekaa nje kidogo ya kijiji, ambaye hakuwahi kung'oa kwa sababu hakuwa na nguvu za kung'oa. Tulizichuma pamoja. Alinipa na nyingine za kupanda.

Mama alitengeneza mafuta kwa muda aliotaka mwenyewe. Macho yalikuwa yamepungua nuru, mikono inatetemeka, lakini hakukubali kusaidiwa na mtu. Kisha zikafuata siku ambazo, kama ningeweza kurudishiwa siku, ningeomba hizo. Mvua za rasharasha, ukungu mlangoni, na kutoka chumba cha ndani nasikia wanavyoongea Kishambaa, bibi anamfundisha mambo ya unyumba na mjukuu anacheka mpaka anakohoa. Nilikuwa nikikaa sebuleni na kikombe cha chai bila kazi yoyote.

Lakini ngozi iliyochubuliwa ukiiacha haitulii mara moja. Kwanza inalipiza. Weusi ulirudi kwa vipande, hapa kwenye shavu, pale chini ya macho, katikati pamebaki pekundu, na juu ya hayo yote chunusi. Mama alisema ni taka zinatoka, tumpe muda. Binti alijitazama kwenye kioo changu cha kunyolea, akanirudishia. "Mwisho wake utafika," alisema. Aliyaamini maneno yake. Mimi ndiye niliyekosa subira kwa uso usio wangu.

Hapo ndipo shangazi wa bwana harusi alipotuma salamu kwamba atapanda kumwona mwali kabla ya siku yenyewe.

Nilifikiri juu ya posa kurudishwa. Nilifikiri juu ya wale wauza viazi. Nikitaka kuwa mkweli, nilijifikiria mimi nilivyotembea naye sokoni. Siku hiyo baada ya adhuhuri mama alikwenda kumhani jirani aliyefiwa, binti amelala, na chupa ya mafuta imesimama kwenye kabati la vyombo. Nikatoa kopo nyuma ya magunia. Krimu haikutaka kuchanganyika na mafuta yale mazito, ilikuwa inaelea kwa mabonge. Ikabidi niyatie kwenye sufuria ndogo niyapashe moto, nakoroga na mpini wa kijiko, mikono yangu ya karani, kisha nikayarudisha chupani. Nilijiambia ni kidogo tu. Atakuja kunishukuru. Siku zote nilikuwa najiambia atakuja kunishukuru.

Mama alirudi, akanawa, akamkanda mwali kama kawaida.

Kilio hakikuwa kikubwa. Nilisikia tu, "Bibi, inachoma," kisha "Bibi, futa, futa." Mpaka anafutwa uso ulikuwa umewaka, na ulipofika wakati wa chakula ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Krimu ile ilikuwa ya kupakwa kwenye ngozi iliyoizoea. Hii ilikuwa mbichi, inaota upya.

"Bibi, mafuta haya umeyatia nini?" Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza.

Mama alikaa chini sakafuni. Alinusa kiganja chake. Alinusa chupa. Pua yake ilikuwa imezeeka kama macho yake. "Sijui," akasema. "Labda nimeunguza mbegu. Labda nilichota maji kwenye ndoo ya dawa ya kabichi. Sioni vizuri siku hizi, mjukuu wangu. Sijui nimetia nini."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja lingetosha. Nilisema, "Mama, pumzika, si kosa lako, ni uzee." Nilisema hivyo, na nilimshika bega.

Alitoka na chupa akaimwaga kwenye majivu. Kazi ya siku nzima, mbegu za bikizee yule. Kuanzia hapo hakumgusa tena mwali. Alikuwa akimpelekea uji anauweka chini, anaondoa mikono yake haraka na kuificha ndani ya kanga. Nilivumilia kuiona mikono ile ikifichwa siku ile na kesho yake. Kesho kutwa asubuhi, aliposema tumtafute mwanamke mwingine wa kumtunza mwali kwa sababu yeye ameshakuwa hatari, nilishindwa. Nikaingia chumba cha ndani, wote wawili wapo, nikasema ni mimi, nikaeleza na kopo.

Mama alinitazama muda mrefu. Halafu akatazama mikono yake, akaitoa kwenye kanga, akaiweka mapajani. Hakunitamkia neno siku hiyo wala siku kadhaa zilizofuata.

Binti alikuwa amefunika jicho kwa kitambaa cha maji baridi.

"Najua," alisema. "Ile harufu nimelala nayo miaka. Nilimuuliza bibi ili wewe usikie."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione utamwacha bibi mpaka lini."

Akageuza kitambaa upande wenye baridi.

Shangazi alikuja uvimbe umeshuka lakini uso unatisha, mabaka juu ya mabaka, na kwenye shavu la kushoto ngozi imebambuka. Nilimwomba binti akae ndani, nitasema anaumwa. Alivaa gauni lake, akatoka kichwa wazi, nywele fupi zinaanza kujikunja, akakaa kwenye mkeka uani, juani. "Shikamoo shangazi."

Yule mama aliacha mguu mmoja nje ya mkeka. "Marahaba. Mwali yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe?" Akanigeukia. "Mkwe wetu, mmetunyolea taa yetu?"

"Yule alikuwa wa kununua dukani kila mwezi, shangazi," binti akasema. "Mngemchoka."

Shangazi alikaa. Aliuvuta mkono wa binti, akaviangalia vile vidole, akavipitisha kwenye vidole vyake mwenyewe ambavyo, nilipotazama, navyo vilikuwa vyeusi kwenye viungo. 

"Inawasha?" akauliza.

"Ikianza kupona ndiyo inawasha."

"Na hapa shavuni umefanyaje?"

Nilitazama chini. Nilisikia binti akivuta pumzi. "Niliungua na mafuta," akasema, na hakusema zaidi. Ndiyo heshima ya mwisho aliyonipa bila mimi kuiomba.

"Mimi nitamweleza kijana wangu nilichokiona," shangazi akasema akiinuka. "Sitapunguza. Akitaka gari bovu, yeye si fundi?" Wakacheka, hata mama yangu. Mimi nilikuwa nje ya kicheko kile.

Kijana alituma jibu kwamba ndoa iko palepale, na kwamba anaomba kuuliza kama bado inauma. Basi. Nimeishi na maneno mengi ya watu, lakini swali lile la yule fundi sijalisahau, kwa sababu mimi sikuwa nimeliuliza.

Siku ya ndoa, kabla ya kuozesha, walii huingia kwa mwali kumuuliza kama ameridhia. Walii ni baba. Nilivaa kanzu, nikasimama mlangoni pa chumba cha ndani na mashahidi wawili. Binti alikuwa amekaa kitandani na bibi yake, amepakwa mafuta mapya, mabaka yanaonekana yote na hakuna aliyeyafunika.

"Baba," alisema, "naomba aje baba mdogo aniulize."

Mashahidi walitazamana. Nilidhani anatania.

"Sheria inaniruhusu kumweka mtu badala yangu," nikasema, "lakini watu watasemaje? Mimi nipo mzima."

"Wewe ukiniuliza, baba, huwa umeshaamua." Hakupandisha sauti. "Leo nataka niulizwe."

Nikatoka nikamtafuta mdogo wangu kwenye sufuria za pilau, nikamwambia nimemweka badala yangu. Alifikiri nimeumwa ghafla. Aliingia, nikasikia kutoka nje akiuliza kwa sauti ya kutetemeka maana hakujiandaa, na nikasikia binti yangu akisema ndiyo, kwa sauti kubwa, mara tatu, ingawa moja ingetosha. Msikitini nilikaa safu ya nyuma. Mdogo wangu ndiye aliyeshika mkono wa yule kijana.

Uso wa binti yangu ulichukua zaidi ya mwaka kutulia. Ulirudi mweusi, sawa na siku mama yangu alipompokea, isipokuwa shavu la kushoto, ambako pamebaki alama ndogo iliyopauka. Nywele hajazitia tena dawa, na sijamsikia akihubiri juu ya hayo. Anashona, anafuga kuku, anatembea juani. Mama yangu alizipanda zile mbegu nyingine pembezoni mwa karoti zangu bila kuniuliza, na baadaye alinisamehe, nadhani, au alichoka tu, maana watu wa umri huo huchoka. Ameshatangulia.

Binti huja na watoto wakati wa likizo. Ananiamkia vizuri, ananifulia, ananipikia. Wa mwisho wake ni msichana, mweusi sana. Mwaka jana nilimkuta mama yake akimwogesha uani, chupa ya mbono pembeni, na mtoto analia anataka uji ulioachwa jikoni. Nikasema, "Nenda kalete, mimi nitampaka."

Alisimama. Alinitazama, si kwa ubaya, kama mtu anayepima mzigo akiona hauwezi. Magoti yangu hayawezi kushuka bondeni siku hizi, lakini kumpaka mtoto mafuta ningeweza.

"Kaa tu, baba," alisema. "Usijichoshe."

Akambeba mtoto na maji yake yanachuruzika, akachukua na chupa, wakaenda jikoni wote.